Nia Njema Isiyouliza

Huku kwetu Karatu salamu haiishii mdomoni. Mdogo akisema "Shikamoo" na mkubwa akajibu "Marahaba", bado kuna deni, nalo hulipwa kwa mkono. Kijana mwenye adabu hutoa mkono wa kulia, akaushika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto, ili mzee aone kwamba amepewa heshima nzima na si nusu yake. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Sidhani kuna sehemu ya mwili wangu iliyoshikwa na watu wengi kuliko mkono huu wa kulia.

Mwezi Machi mwaka 2023 mkono huo ulikataliwa. Nataka kueleza jinsi ulivyokataliwa, kwani jambo hilo lilinirudisha kwenye swali ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa karibu miaka 40. Swali lenyewe ni hili: mtu akitenda ubaya kwa nia njema, bila kujua, je, ana hatia?

Ilianza na homa. Nilidhani ni malaria, au uchovu wa kupogoa mibuni. Siku ya tatu nikaona wekundu nyuma ya mikono yote miwili, hasa upande wa kidole gumba na cha shahada. Wekundu ukawa uvimbe, uvimbe ukawa wa zambarau, kisha yakatokea malengelenge yenye kitu kama usaha ndani yake. Viganja vilikuwa safi kabisa. Ni kama mikono yangu ilikuwa ya watu wawili: ukiitazama kwa ndani ni ya mwalimu mstaafu, ukiigeuza ni ya mtu aliyeiingiza motoni.

Nilikwenda mahali pa tiba karibu na nyumbani. Sitapataja, kwani walionihudumia walikuwa watu wema, na hilo ndilo hasa ninalotaka kulizungumzia. Waliona usaha, wakasema ni vijidudu. Nikapewa dawa za kuua vijidudu, za kumeza na baadaye za sindano. Hazikusaidia. Ndipo ikaamuliwa kwamba jipu la mkono wa kushoto lipasuliwe ili uchafu utoke. Likapasuliwa. Siku mbili baadaye kidonda kilikuwa kimepanuka mara mbili ya kilivyokuwa, na kingo zake zimekuwa nyeusi. Wakasema hawakukata vya kutosha. Wakakata tena. Kidonda kikazidi kupanuka. Siku moja nikasikia wakizungumza mlangoni kwamba labda kidole itabidi kiondolewe ili kuuokoa mkono.

Mwanangu wa pili alikataa. Alikodi gari tukaondoka alfajiri, tukapita Makuyuni na Arusha hadi Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 200, nami mikono imefungwa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa. Moshi ni mji ambao tangu mwaka 1992 una kituo cha kuwafundisha waganga wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari aliyenipokea alikuwa na umri wa wajukuu zangu wakubwa. Akaniamkia, kisha akakaa. Kwa karibu nusu saa hakunigusa. Aliniuliza tu. Homa ilianza lini? Nilipungua uzito? Nilikuwa nachoka nikipanda mlima? Kidonda kilikuwaje kabla ya kukatwa, na kikawaje baadaye? Nilipolijibu swali hilo la mwisho, aliandika kitu na kupigia mstari chini yake.

Alichukua kipande kidogo sana cha ngozi kikachunguzwe kwa hadubini, na damu. Majibu yalipokuja alinieleza kwa upole, naye akafikiri huenda nisingeelewa. Nilielewa. Katika ngozi yangu hakukuwa na vijidudu. Kilichokuwamo ni chembe nyeupe za damu za aina iitwayo neutrofili, zimejaa tele. Chembe hizo ni askari wa mwili. Kijidudu kikiingia kwenye jeraha, hukimbilia hapo na kupigana nacho, na usaha tunaouona ni maiti za vita hivyo. Lakini katika maradhi haya askari hukimbilia mahali ambapo hakuna adui. Hufika kwa wingi, hawamkuti wa kupigana naye, nao huumiza nyama ile ile waliyokuja kuilinda. Na ukiikata ngozi hiyo, mwili husikia kama umeshambuliwa, huongeza askari, na kidonda hukua. Kwa hiyo kila kisu kilichoingia kunisaidia kilikuwa kinapiga baragumu.

Maradhi haya ni ndugu wa yale yaliyoelezwa mwaka 1964 na daktari Mwingereza, Robert Douglas Sweet wa mji wa Plymouth, ambaye aliwaandika wagonjwa wanane, wote wanawake. Aina hii ya kushika nyuma ya mikono peke yake ilipewa jina lake mwaka 2000. Ni nadra. Dawa yake si ya kuua vijidudu bali ni ya kuwatuliza askari, na iliyo ya kawaida ni predinisoloni. Nilianza kuimeza siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa niliweza kufunga vifungo vya shati langu.

Lakini daktari alisema kuna jambo jingine. Maradhi haya mara nyingi hayaji peke yake. Kwa baadhi ya watu huandamana na maradhi ya tumbo au ya viungo, na kwa wengine huwa ni ishara ya tatizo katika damu, hata kabla tatizo hilo halijajulikana. Kwangu mimi ilikuwa hivyo. Uboho wangu, yaani ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, umeanza kutengeneza chembe zenye kasoro. Hali hiyo huitwa mielodisplasia. Kwa wengine hukaa miaka bila kishindo, kwa wengine hugeuka kuwa saratani ya damu. Mimi sasa hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo, nacho kilijitangaza mikononi.

Niliporudi nyumbani mikono ilikuwa imetulia lakini bado ina mabaka meusi na magamba. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Sokoni kijana niliyemfundisha alisema "Shikamoo Mwalimu", na mikono yake akaiacha mfukoni. Kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani yangu alinipungia kwa mbali, nami nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Sikukasirika mara moja. Nilijiambia kwamba hata mwaka 2020, wakati wa Korona, tuliacha kupeana mikono tukasalimiana kwa viwiko na kwa miguu, na hakuna aliyeona amedharauliwa. Lakini wakati ule mkono ulinyimwa wote na wote. Sasa ulinyimwa mmoja.

Kwetu sisi Wairaqw wazee waliijua hali waliyoiita metimani. Mtu aliyefikwa na msiba au jambo zito, ambalo liliaminika linaweza kuwadhuru wengine, alitengwa kwa muda. Siitetei desturi hiyo, kwani imewaumiza wengi, hasa wanawake. Hata hivyo jambo lilisemwa wazi. Mtu alijua ametengwa kwa sababu gani. Mimi nilitengwa na watu wanaotabasamu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mwalimu, mikono imekuwaje?"

Aliyeuliza nilimpata juu, Ngorongoro. Nina rafiki wa makamo yangu, Mmasai, anayeishi upande wa Nainokanoka. Tulifahamiana tangu alipomleta mwanawe wa kwanza asome kwangu, akapangiwe kwa ndugu zake Karatu. Mwezi Juni nilipata lifti kwa gari lililokuwa linapanda, tukapita lango la Lodoare na kuingia kwenye ukungu wa ukingo wa kreta. Nilipofika, wajukuu zake walikuja mbio, wakasimama mbele yangu na kuinamisha vichwa. Msomaji ambaye hajaishi jirani na Wamasai ajue kwamba mtoto wao hampi mzee mkono. Humwinamishia kichwa, na mzee humgusa utosini kwa kiganja. Ni salamu, na ni baraka.

Vichwa vitano vilikuwa vimeinama vinangoja, nami nilikuwa nimeficha mikono ndani ya koti.

Rafiki yangu alitazama koti, akatazama uso wangu. "Mwalimu, toa mikono niione," alisema. Nikaitoa. Aliishika, akaigeuza huku na huku kama anayekagua kwato za ndama. "Hiki ni nini?"

Nikamweleza.

"Kinaambukiza?"

"Hakiambukizi. Kinatoka kwenye damu yangu mwenyewe."

"Basi wabariki watoto, wanachoka shingo."

Niliwagusa mmoja mmoja. Sitaona haya kusema kwamba macho yangu hayakuwa makavu. Maswali yake mawili hayakuwa na upole wowote ndani yake, lakini ndiyo yaliyonirudisha miongoni mwa watu. Niligundua kwamba nilikuwa nimeutamani ukali wa swali kuliko utamu wa tabasamu.

Usiku ule, nikiwa nimejifunika blanketi kwa baridi ya kule juu, nilimkumbuka mtoto mmoja. Hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli wangu, la sivyo maneno yangu yote ya juu ni malalamiko ya mzee.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja. Kila Jumatatu asubuhi tulikagua usafi mistarini: kucha, nywele, shingo, nguo. Mtoto mmoja wa darasa la sita alificha mikono nyuma. Nilimwamuru aitoe. Ilikuwa imevimba, ina vidonda vinavyotoa maji. Nilikuwa nimehubiri usafi kwa miezi, nikaona hapa pana mfano. Nikaunyanyua mkono wake juu mbele ya shule nzima na kusema, "Tazameni, huu ndio uchafu." Nikampiga fimbo tatu, nikamwambia aende nyumbani asirudi hadi apone. Hakurudi kamwe.

Mwaka uliofuata jirani yao alinieleza. Baba alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mtoto alikuwa akiamka usiku wa manane na kwenda kulima kibarua mashamba ya watu ili walipwe debe la mahindi, kisha anakuja shuleni. Yale yalikuwa malengelenge ya mpini wa jembe, yaliyopasuka na kuoza. Nilikuwa nimeiita kazi uchafu, mimi niliyefundisha Elimu ya Kujitegemea na kusifia jembe ubaoni.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa maneno yale yale: nilikuwa na nia njema, na sikujua. Yote mawili ni kweli. Lakini baada ya mikono yangu kukatwa na watu wenye nia njema ambao hawakujua, nilianza kuupima utetezi huo upya.

Pengine msomaji atasema, mwalimu mwenye watoto 600 atamuuliza kila mmoja saa ngapi? Na mganga mwenye foleni hadi nje ya uzio? Hoja hii ina uzito. Tena wapo vijidudu vinavyokula nyama kwa saa chache, na daktari akikaa kuuliza maswali mgonjwa atakufa. Kwa ugonjwa huo kisu ndicho huruma. Mtu aliyeuona mkono wangu siku ya kwanza, ukiwa mwekundu na una usaha, alikuwa na sababu ya kudhani alivyodhani. Siwezi kumhukumu kwa kisu cha kwanza.

Ninachokitazama ni kisu cha pili. Baada ya kukata mara ya kwanza, kidonda kilijibu. Kilipanuka. Hilo lilikuwa jawabu la swali ambalo hakuna aliyeuliza, nalo lilionekana kwa macho. Lakini nia njema ina ugonjwa wake: matokeo yakiwa mabaya, haijishuku yenyewe, bali hudhani haikufanywa vya kutosha. Dawa haikusaidia, basi ongeza dawa. Fimbo haikumrekebisha, basi ongeza fimbo. Ndivyo askari wa damu yangu wanavyofanya. Nao wana nia njema kabisa.

Historia ya utabibu ina mfano mkubwa wa jambo hili, nao pia unahusu mikono. Katika hospitali kuu ya Vienna, kina mama waliojifungulia kwenye wodi ya madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Mwaka 1846 zaidi ya mama 11 kati ya kila 100 walikufa katika wodi hiyo ya madaktari. Daktari mmoja Mhungari, Ignaz Semmelweis, aliuliza kwa nini. Mwaka 1847 alitambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuwazalisha mama. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini ya chokaa. Mwaka 1848 vifo vilishuka chini ya mama wawili kati ya kila 100. Je, madaktari wote walimshukuru? La hasha. Wengi walimkataa, na alikufa mwaka 1865 bila kuona ukweli wake umekubaliwa. Hatuwezi kuwalaumu madaktari wa kabla ya 1847 kwa kutojua. Lakini waliooneshwa hesabu za vifo na bado wakakataa kunawa, hao hatuwezi kuwaambia hawakujua. Walichagua kutojua.

Sasa namrudia mtoto wangu wa darasa la sita. Fimbo tatu zilikuwa kisu cha kwanza. Sizitetei tena, lakini hazikuwa jambo baya kuliko yote niliyomtendea. Baada ya Jumatatu ile, daftari la mahudhurio lilikuja mezani kwangu kila mwisho wa juma. Jina lake lilikuwapo. Wiki ya kwanza hayupo, ya pili hayupo, mwezi wa kwanza, wa pili. Daftari lilikuwa linanijibu, kama kidonda kilivyojibu. Kwao hapakuwa mbali, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa kalamu nyekundu, na kwa mwandiko mzuri niliofundishwa Marangu, niliandika pembeni mwa jina lake: mtoro.

Hicho ndicho kisu changu cha pili, na juu yake siwezi kusema sikujua.

Mwaka jana nilimtafuta. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, analima vitunguu upande wa Mangola. Nilimkuta akipakia magunia. Aliniamkia kwa heshima, nami nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa fimbo za mwaka 1984. Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwa shati.

"Fimbo nilishazisahau, Mwalimu. Wakati ule nani hakupigwa? Nilikuwa nangoja tu mtu aje nyumbani. Nilingoja hadi walipomaliza la saba wenzangu."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinipa mkono, akaushika wangu kwa muda, akauliza makovu haya ni ya nini. Nikamweleza tukiwa tumekaa juu ya magunia. Kisha wapagazi wakamwita akarudi kazini, nami nikapanda gari la jioni.

Kwa hiyo swali langu nalijibu hivi, kwa kadiri nilivyoweza kulifikia. Kutojua si hatia. Hatia huanza pale jambo lenyewe linapokujibu, nawe huendi kuuliza kwa sababu unaridhika na wema wako. Nia njema ni mwanzo wa kazi, nayo haimwondolei mtu wajibu wa kuitazama kazi yake. Mzazi, mwalimu, mganga, kiongozi, kila aliyepewa mamlaka juu ya mwili au maisha ya mwingine, anadaiwa angalau kurudi siku ya pili na kutazama kidonda kimekuwaje.

Mikono yangu imepona. Mkono wa kulia, ambao haukukatwa, hauna alama yoyote. Wa kushoto una kovu pana pale kisu kilipopita mara mbili. Watoto wa jirani hulishika na kuuliza, "Babu, hapa palifanya nini?" Mama zao huwakemea kwamba ni utovu wa adabu. Mimi huwaambia wawaache waulize.